Wiki moja ya notisi

Swali lenu la wiki lilikuwa "Mbunge akihama chama, apoteze kiti au abaki nacho?" na nimeona wengi mmejibu kwa mifano ya hapahapa kwetu Tanzania, ni sawa, mifano tunayo tele. Mimi naomba niwapeleke mbali kidogo, Vanuatu, huko Pasifiki mashariki ya Australia, visiwa themanini na kitu, watu laki tatu na ushee, bunge la wabunge 52. Msiniulize nimefikaje huko maana sijafika, nasoma tu. Kuna watu wanafuatilia ligi ya Uingereza, mimi nafuatilia serikali zinazoanguka, na kwenye mchezo huo Vanuatu ni timu kubwa.

Kwanza tupige hesabu kidogo maana bila hesabu hamtaelewa kwa nini watu wanahama vile. Wabunge 52, ukitaka kutawala unahitaji 27. Hakuna chama kinachofika hapo, hata cha kwanza huwa kinabeba viti vichache tu, sababu mojawapo ni kwamba jimbo moja linaweza kutoa wabunge kadhaa na mpiga kura ana kura moja tu, kwa hiyo ukishikwa mkono na ukoo wako na kijiji cha jirani unapita, chama unakikumbuka baadaye. Basi serikali inaundwa kwa kuunganisha vyama vitano, sita, na kila kimoja kinataka chake. Sasa katiba yao inasema mawaziri, waziri mkuu akiwemo, wasizidi robo ya wabunge, yaani 13. Ona sasa. Una watu 27 wamekubeba, 13 wamepata wizara, na 14 wanakuangalia. Utawapa hiki na kile, ukatibu huu na ule, lakini gari la waziri hawana, na upande wa pili kuna mtu anawapigia simu usiku anawaambia kwangu utakuwa waziri.

Halafu ndio inakuja hoja ya kutokuwa na imani. Inataka sahihi za moja ya sita ya wabunge, ambao ni 9, na notisi kwa spika ya wiki moja. Hiyo wiki moja jamani! Aliyeandika alikuwa na nia njema, watu wapate muda wa kutafakari, lakini kiukweli hiyo wiki ndio mnada wenyewe. Kila upande unakusanya watu wake unawahesabu asubuhi na jioni kama mchungaji na mbuzi, na bado siku ya kura mbuzi wawili unawakuta zizi la jirani.

Mwaka 2023 peke yake walikuwa na mawaziri wakuu watatu. Ishmael Kalsakau alipigiwa kura ya kutokuwa na imani mwezi wa nane, kura 26 zikamkataa, spika akasema hazijatosha zinatakiwa 27, upinzani ukakimbilia mahakamani ukasema kiti kimoja kiko wazi kwa hiyo waliopo ni 51 na 26 ni wengi. Mahakama ikakubali. Sato Kilman akaingia Septemba 4, na Oktoba 6 naye akatoka, akaingia Charlot Salwai. Mwezi mmoja na siku mbili! Mtu hajajua hata chai ya ofisini inaletwa saa ngapi.

Lakini stori ninayoipenda kuliko zote ni ya 2015, hii nikiwasimulia watu kijiweni wanadhani natunga. Mwishoni mwa 2014 Moana Carcasses alikuwa kiongozi wa upinzani, akawagawia wabunge wenzake hela, vatu milioni moja moja (vatu ndio hela yao, na neno lenyewe maana yake jiwe), milioni moja ni kama dola elfu tisa hivi kwa wakati ule. Jumla ilikuwa milioni 35. Walipoulizwa wakasema huu ni mkopo, wa maendeleo ya jimbo. Mkopo! Yaani hilo neno linasafiri dunia nzima bila pasipoti. Katikati ya 2015 serikali iliyokuwepo ikaanguka kweli na Carcasses akawa naibu waziri mkuu, lakini kesi ilikuwa inaendelea, na tarehe 9 Oktoba, siku ya Ijumaa, mahakama ikawatia hatiani kwa rushwa wabunge 14 kwa mpigo, akiwemo naibu waziri mkuu mwenyewe na spika wa bunge, Marcellino Pipite.

Sasa sikilizeni hapa. Wakati huo rais wa nchi, Baldwin Lonsdale, alikuwa nje ya nchi, na katiba inasema rais akisafiri anayekaimu ni spika. Spika ndio huyohuyo aliyekutwa na hatia jana yake. Jumamosi mzee akachukua kalamu, akasaini msamaha wa rais kwa wenzake 13 na kwake mwenyewe. Nafikiriaga sana lile dakika moja, mtu amekaa mezani ana karatasi mbele yake, majina yanashuka moja moja na lake limo, na sehemu ya sahihi ni ya kwake, yaani mwombaji na mtoaji wanatumia kalamu moja. Alitetemeka? Alicheka? Au alisaini tu kama anavyosaini posho?

Lonsdale, ambaye alikuwa padri wa Anglikana kabla ya urais, akarudi, akawaomba radhi wananchi, akasema ataondoa uchafu uani kwake, na ndani ya wiki ileile akaufuta ule msamaha. Oktoba 22 wakahukumiwa, Carcasses miaka minne, Pipite mitatu. Bunge likavunjwa, uchaguzi ukafanyika Januari 2016, na aliyekuja kuwa waziri mkuu ni huyuhuyu Salwai niliyemtaja juu, ambaye na yeye baadaye, 2020, akatiwa hatiani kwa kusema uongo chini ya kiapo, akasamehewa na rais mwaka uliofuata, akarudi bungeni, akarudi uwaziri mkuu. Nimewaambia hii ni timu kubwa.

Turudi kwenye swali lenu. Wananchi wa Vanuatu waliulizwa swali lilelile mliloliuliza nyinyi, tena kwa karatasi ya kura, Mei 29, 2024, kura ya maoni ya kwanza katika historia ya nchi yao. Wakasema ndiyo: mbunge akijiuzulu chama chake au akifukuzwa, kiti kinaenda, na mbunge huru au mwenye chama cha mtu mmoja ana miezi mitatu ya kujiunga na chama. Mngewauliza wao wangewajibu kwa hasira kabisa, apoteze, tena leo.

Mimi jibu langu ni nusu kwa nusu na sio kwa kuogopa. Akihama mwenyewe apoteze. Akifukuzwa asiguswe.

Kuhama mwenyewe kwetu tunalijua, ibara ya 71 ya katiba ipo siku zote, ukiacha chama ubunge umekwisha. Je ilizuia kuhama? Si tuliona 2018, watu wanajiuzulu "kuunga mkono juhudi" za rais, uchaguzi unarudiwa, anasimamishwa yuleyule kwa chama kipya na anapita, majimbo ya Kinondoni na Siha Februari ile mnakumbuka. Na madiwani ndio usiseme. Mimi mwaka huo nilifanya kibarua cha karani mwongozaji kwenye uchaguzi mdogo wa diwani kata moja, kituo kilikuwa darasa la tatu B, kwenye ubao bado kuna hesabu za kugawanya, watu wachache mpaka tunasinzia. Akaingia bibi mmoja na kadi yake kwenye mfuko wa nailoni, nikamwamkia, akaangalia picha kwenye karatasi akaniuliza, "Mjukuu wangu, huyu si tulishamchagua?" Nikamwambia ndiyo bibi, ila kahama chama. Akaniangalia. "Kwani hapa kwetu kahama?" Nikasema hapana, yupo palepale. "Sasa tunamchagua tena wa nini?" Nilimwonyesha tu sehemu ya kupigia kura, sikuwa na jibu na ile posho haikuwa inalipia majibu.

Lakini pamoja na hayo nasema apoteze, kwa sababu angalau yule bibi aliulizwa. Kule Vanuatu kabla ya 2024 hakuna bibi aliyeulizwa, mtu alilala upande huu akaamka upande ule na ushahidi pekee ni kwamba serikali imeanguka.

Kufukuzwa ndio naogopa. Ukisema kiti kinaenda mtu akifukuzwa, umempa mwenyekiti wa chama panga. Mbunge akipiga kelele kuhusu barabara ya kwake, au akikataa kupitisha kitu cha ajabu, anaitwa kikao cha usiku, asubuhi hana chama, mchana hana jimbo. Na wenye chama kule mara nyingi ndio haohao waliokuwa wananunua! Umeondoa soko la rejareja umefungua la jumla, badala ya kuongea na wabunge wanane unaongea na bosi mmoja anakuletea wote. Hapa kwetu tulipata kinyume chake, wale wabunge 19 wa viti maalumu walifukuzwa na chama chao, Chadema, Novemba 2020 wakaendelea kukaa bungeni huku kesi ikienda mahakamani, kwa hiyo kuna watakaosema mimi natetea hilo. Sitetei, viti maalumu ni orodha ya chama, hakuna jimbo lililowapigia kura kwa majina, hapo chama kina haki yake. Naongelea mtu aliyeombwa kura kwa sura yake.

Na msidhani ile kura ya maoni iliwatuliza. Novemba mwaka huohuo wa 2024 hoja nyingine ya kutokuwa na imani ikawa njiani, serikali ya Salwai ikaomba bunge livunjwe na rais akalivunja. Wakati uchaguzi unasubiriwa, Desemba 17, likaja tetemeko la 7.3 likaupiga mji mkuu, Port Vila, watu wakafa, majengo yakalala, na bado uchaguzi wakaufanya Januari 16, umesogezwa siku mbili tu. Februari 11 bunge likamchagua Jotham Napat kuwa waziri mkuu, bila mpinzani. Chama chake ndicho kilichoongoza, kwa viti tisa. Waliobaki mpaka kufika 27 ni wa vyama vingine, na nafasi za uwaziri za kuwagawia ni zilezile 13.