Albamu za roki za zamani: sikiliza upande kwa upande

Vijana wanaotaka kuingia kwenye roki ya miaka ya 60 na 70 huniuliza waanze na bendi gani. Bendi yoyote itafaa, ila usianze na mkusanyiko wa vibao. Wengi hukwama hapo: wanasikia nyimbo kumi zilizotamba redioni, zinawafurahisha, kisha wanaondoka wakiamini bendi wameshaijua.

Chukua Eagles. Mkusanyiko wao wa nyimbo za 1971 hadi 1975 ni miongoni mwa albamu zilizouzwa zaidi Marekani. Kufikia 2018 ulikuwa umetambuliwa rasmi kwa nakala milioni 38. Ulitoka mapema 1976. "Hotel California" ikaja Desemba mwaka huohuo, kwa hiyo wimbo wao mkubwa kuliko yote haumo. Gitaa la Joe Walsh halimo pia, maana alijiunga baada ya nyimbo zile kurekodiwa. Ukinunua huo mkusanyiko umenunua nusu ya kwanza ya mechi.

Albamu za wakati ule zilipangwa kwa pande mbili, kila upande dakika 20 hivi. Ukijaza zaidi ya hapo mifereji ya santuri inabanana na sauti inapungua nguvu. Mwanamuziki alijua msikilizaji atainuka kuigeuza, hivyo alitafuta wimbo wa kufungia upande wa kwanza na mwingine wa kumrudisha mtu kitini. Sisi tuliokulia kwenye kanda, nyingi zikiwa nakala ya nakala, tulilijua jambo hili bila kufundishwa, kwa sababu kanda nayo ilikuwa na upande A na upande B. Leo simu inakumwagia kila kitu kwa mkupuo. Ushauri wangu ni huu: sikiliza upande mmoja, simama, fanya shughuli nyingine, kisha rudi.

Ukitaka kuona nilichokusudia, tafuta *Queen II* ya bendi ya Queen, ya 1974. Pande zake hazikuitwa wa kwanza na wa pili. Ziliitwa Upande Mweupe na Upande Mweusi. Mweupe karibu wote umetungwa na mpiga gitaa Brian May, Mweusi ni wa mwimbaji Freddie Mercury mwanzo hadi mwisho. Ndiyo, yule yule mzaliwa wa Zanzibar. Nyimbo za Upande Mweusi zimeshikana, moja inaingia ndani ya nyingine, na ukiuchomoa mmoja unabaki na kipande kisichoeleweka. Watu watakuambia albamu yao bora ni *A Night at the Opera*. Mimi nasema waisikilize kwanza hii, halafu tubishane.

Pink Floyd walikwenda mbali zaidi. Upande wote wa pili wa *Meddle*, ya 1971, ni wimbo mmoja, "Echoes", wa zaidi ya dakika 23. Usiogope urefu. Aliyezoea kusubiri sebene katika muziki wa dansi ana subira ya kutosha. Miaka miwili baadaye wakatoa *The Dark Side of the Moon*, iliyorekodiwa studio za Abbey Road huku fundi mitambo akiwa Alan Parsons. Upande wa kwanza unafungwa na sauti ya Clare Torry, mwimbaji wa kukodiwa aliyeitwa siku ya Jumapili, akalipwa pauni 30 na kwenda zake. Hakupewa maneno ya kuimba. Alilia kwa sauti tupu. Miongo mitatu baadaye alikwenda mahakamani, wakapatana, na jina lake sasa limo kati ya watunzi wa wimbo ule.

Kabla ya kuigusa albamu hiyo, fungua mipangilio ya programu unayotumia. Zima uchezaji wa kubahatisha, na uhakikishe programu haiweki ukimya kati ya wimbo na wimbo wala haiunganishi nyimbo kwa kufifisha mwisho wa mmoja na mwanzo wa mwingine. Bendi ilishafanya kazi hiyo yenyewe mwaka 1973. Na vaa hedifoni masikio yote mawili. Mwenye tabia ya kuchomeka sikio moja akiwa kwenye daladala atapoteza vitu: katikati ya "Whole Lotta Love" ya Led Zeppelin, sauti zinahama kutoka kushoto kwenda kulia, na baadhi ya rekodi za awali za Beatles zimeweka vyombo upande mmoja na waimbaji upande mwingine.

Jambo jingine ni hizi albamu zilizosafishwa upya, zenye nyongeza za majaribio ya studio. Nyongeza zina raha yake, lakini si za siku ya kwanza. Jua albamu ya awali iliishia wapi, na uishie hapo. Kuna kituko kimoja tu ninachokiruhusu. Mwishoni mwa *Abbey Road* ya Beatles, 1969, baada ya wimbo unaoitwa "The End", kuna ukimya, halafu kinachomoza kiwimbo cha sekunde 23 kiitwacho "Her Majesty". Paul McCartney alikuwa amesema kitupwe. Fundi kijana, John Kurlander, alikuwa ameagizwa asitupe chochote cha Beatles, akakiunganisha mwisho wa utepe. Bendi waliposikia wakakiacha palepale.

Kuhusu mahali pa kuanzia katika kila bendi, nina upendeleo wangu. Black Sabbath, anza na *Master of Reality* ya 1971. Tony Iommi, anayepiga gitaa kwa mkono wa kushoto, alikatwa ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia na mashine ya kiwandani huko Birmingham. Akajitengenezea vifuniko vya vidole kwa kuyeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, na baadaye akalegeza nyuzi ili zisimuumize. Kwenye albamu hii nyuzi zimelegezwa kuliko kwenye mbili za kabla yake, na ule uzito unaousikia unatoka hapo. Rolling Stones wafuate kwa mpangilio kuanzia *Beggars Banquet* ya 1968. *Exile on Main St.* iache mwisho, sauti yake ina matope na mgeni huona imerekodiwa vibaya. Fleetwood Mac angalia mwaka kwanza. Ile ya mpiga gitaa Peter Green, ya 1969, ni bendi ya bluzi ya Kiingereza. Ile ya *Rumours*, 1977, ina Stevie Nicks na Lindsey Buckingham. Mpiga dramu na mpiga besi ni walewale, muziki ni mwingine kabisa.

Led Zeppelin nao wana deni ambalo msikilizaji anapaswa kulijua. "When the Levee Breaks", unaofunga albamu yao ya nne ya 1971, ni wimbo wa Memphis Minnie na Kansas Joe McCoy wa mwaka 1929, kuhusu mafuriko ya mto Mississippi ya 1927. Sikiliza wa 1929 kwanza: magitaa mawili na sauti ya mtu basi. Kisha weka wa Zeppelin usikie dramu za John Bonham, zilizopigwa chini ya ngazi za nyumba ya Headley Grange huku maikrofoni zikining'inia juu. Mtunzi wa bluzi Willie Dixon naye aliwashtaki kwamba "Whole Lotta Love" ulichukua kutoka wimbo wake, wakapatana, na leo jina lake limeandikwa. Nawapenda Zeppelin, ila kuficha jina la aliyekutangulia siwezi kuwatetea.

Albamu za jukwaani ziweke baada ya zile za studio, la sivyo hutajua bendi imebadilisha nini. Mfano ninaoupenda ni Deep Purple. Sikiliza *Machine Head*, iliyorekodiwa Montreux, Uswisi, Desemba 1971, baada ya kasino waliyopanga kuitumia kuungua wakati Frank Zappa akitumbuiza. Kaa nayo mpaka uizoee. Halafu ndipo uweke *Made in Japan*, iliyorekodiwa Osaka na Tokyo Agosti 1972: santuri mbili, nyimbo saba tu. "Space Truckin'", ambao studioni haufiki dakika tano, hapa unakaribia 20 na kuumeza upande wote wa nne, huku Jon Lord akikifanya kinanda chake kingurume kama gitaa. Huo usikilize kwa spika, si kwa simu, na jirani umpe taarifa mapema.