Kipimo cha damu na usahaulifu wa mama

SWALI: Daktari, shikamoo. Mama yetu ana miaka 71. Kwa mwaka mzima anarudia swali lile lile, ila anapika, anatunza hesabu zake na hatembei akapotea. Tumesikia kuna kipimo cha damu kinachotabiri dimenshia, yaani akili kudhoofika hadi mtu ashindwe kujimudu. Tumpeleke?

JIBU: Marahaba. Mpelekeni, lakini kipimo hicho kisiwe cha kwanza. Vitangulie wingi wa damu, vitamini B12, tezi ya thairoidi, sukari, figo, kalisi, kaswende na VVU, pamoja na picha ya ubongo. Bebeni dawa zake zote kwenye mfuko, hata za usingizi, za mzio na za kibofu, kwa sababu baadhi yake huvuruga kumbukumbu. Sonona na masikio mazito nayo hudhaniwa kuwa dimenshia. Haya yanatibika, na inauma kuona familia ikiyaruka ili kukimbilia kipimo cha kisasa.

Yakiondolewa hayo, na vipimo vya kumbukumbu vikionyesha upungufu ilhali anajimudu, hali hiyo si dimenshia bado. Katika kliniki za kumbukumbu, watu kama 10 hadi 15 kati ya 100 wenye hali hiyo huingia kwenye dimenshia kila mwaka. Wengine hubaki hapo miaka mingi, na wapo wanaorudi sawa. Hapa ndipo kipimo cha damu kina kazi.

Kipimo hicho hutafuta dalili za Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaoleta dimenshia. Kinachopimwa ni protini iitwayo p-tau217, mara nyingi ikilinganishwa na protini nyingine, amiloidi beta 42. Mwezi Mei 2025 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu cha kwanza cha aina hiyo, kwa watu wa miaka 55 kwenda juu wenye dalili. Ndugu asiye na dalili asijipime kwa udadisi tu.

Majibu huja kwa mafungu matatu: chini, juu na katikati. Ya katikati hayasemi kitu. Hapo italazimu kupima maji ya uti wa mgongo au kupiga picha ya PET, inayoonyesha amiloidi kwenye ubongo. Ya chini hufanya Alzheimer isitarajiwe, lakini hayaondoi dimenshia za aina nyingine, kama ile ya mishipa ya damu au ile iitwayo ya Lewy. Ya juu huonyesha kuwa huenda amiloidi imejikusanya kwenye ubongo, jambo linaloweza kuanza miaka 15 hadi 20 kabla ya dalili. Hatari inapanda, naam, ila wapo wazee wenye amiloidi wanaofariki na akili zao timamu. Anayewaambia mwaka ambao mama ataanza kupotea njia anabahatisha.

Makosa mawili hujirudia. Figo dhaifu hupandisha p-tau217, kwa hiyo ombeni kreatinini, kipimo cha figo, ipimwe siku hiyo hiyo. La pili ni sampuli: damu huwekwa kwenye chupa yenye EDTA, dawa ya kuzuia damu kuganda, huzungushwa mapema kwenye mashine, kisha plazima, yaani majimaji ya damu, hugandishwa kwa baridi. Ikikaa mezani kwenye joto la chumba, amiloidi 42 hushuka na uwiano wa p-tau217 kwa amiloidi 42 hupanda, na mtu asiye na ugonjwa huonekana anao.

SWALI: Wakitaka maji ya mgongo, hatapooza?

JIBU: Sindano huingia kati ya pingili ya tatu na ya nne za kiuno, au ya nne na ya tano. Uti wa neva ulio ndani ya mgongo huwa umeishia juu ya hapo. Linalosumbua zaidi ni maumivu ya kichwa, na sindano nyembamba yenye ncha butu huyapunguza. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aseme mapema.

Ulizeni pia chupa. Iwe ya plastiki iitwayo polipropilini, kwani amiloidi 42 hunata kwenye kioo na kwenye plastiki ya polistaireni, kisha husomeka chini, kama inavyokuwa kwenye maji ya mgongo ya mwenye Alzheimer. Maabara makini huripoti uwiano wa amiloidi 42 kwa amiloidi 40, aina nyingine ya protini hiyo. Zote mbili hunata, hivyo uwiano hauyumbi sana. Mkipewa namba ya 42 peke yake, rudini mkaulize ya 40.