Barua kwa mwanangu: kipimo cha juu na kipimo cha chini

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia kwamba nyote hamjambo. Umeniuliza kwa nini daktari anahangaika na presha yangu ya 158 kwa 68, ilhali namba ya chini ni ndogo kuliko hata ya kwako. Swali lako ni la msingi, nami napenda nikujibu kwa kirefu.

Namba ya juu ni nguvu ya damu moyo unapojikaza, na ya chini ni nguvu inayosalia moyo unapopumzika kabla ya pigo linalofuata. Anayesimama kati ya hali hizo mbili ni aota, mshipa mkubwa unaotoka moyoni. Ujanani aota hutanuka inapopokea damu, hubakiza sehemu ya damu hiyo, kisha hujirudi taratibu na kuisukuma mbele wakati moyo umetulia, hivyo viungo vyote hupata damu bila kukatika.

Uwezo huo hutokana na nyuzi za elastini, ambazo karibu zote hutengenezwa kabla ya kuzaliwa na katika miaka ya mwanzo ya utoto. Zikishaharibika, mwili hauwezi kuzirudisha vile zilivyokuwa. Moyo hupiga takriban mara 100,000 kwa siku, na kila pigo huzivuta nyuzi zilezile, mpaka zinachoka na kukatika kama lastiki ya nguo iliyovaliwa miaka mingi. Mzigo basi huangukia kolajeni, aina nyingine ya nyuzi za ukutani mwa mshipa, iliyo imara lakini ngumu kuvutika, na sukari ya kwenye damu huzidi kuzigandisha nyuzi zake pamoja, ndiyo maana mishipa ya mwenye kisukari hukakamaa mapema. Kalsiamu nayo hujijenga ndani ya kuta.

Aota iliyokakamaa haitanuki vya kutosha, kwa hiyo damu ikiingia shinikizo hupanda sana, na kwa kuwa damu iliyobakizwa ni kidogo, moyo ukipumzika shinikizo huporomoka. Ndivyo namba ya juu inavyopanda huku ya chini ikishuka, jambo linaloonekana zaidi baada ya umri wa miaka 50 au 60. Kwa hiyo hiyo 68 isikufariji, mwanangu. Litazame pengo la 90 lililopo kati ya namba mbili. Nalisisitiza hili kwa sababu nimewasikia watu wa rika langu wakiifurahia namba ya chini na kuacha dawa.

Moyo hulipa gharama mara mbili: hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi, hata ukuta wake ukanenepa, na wakati huohuo mishipa inayoulisha, ambayo hujaa hasa moyo unapopumzika, hupata msukumo mdogo. Ubongo na figo pia huumia, kwa kuwa hupokea damu nyingi bila kukoma, na vishipa vyake vyembamba hupigwa na mawimbi ambayo aota ilipaswa kuyatuliza. (Mafuta yanayoziba mishipa ni ugonjwa mwingine, ingawa mara nyingi huandamana na huu.)

Uliuliza pia kwa nini siku hizi naamka polepole. Katika kuta za aota na za mishipa ya shingoni kuna vihisio vinavyotambua kutanuka kwa mshipa; ukuta ukikakamaa, taarifa yake kwa ubongo hufifia. Nikisimama ghafla damu hushukia miguuni, moyo huchelewa kuongeza mwendo, na macho huingia giza. Kwa hiyo hukaa kwanza ukingoni mwa kitanda, nikachezesha vifundo vya miguu, ndipo nisimame nikiwa nimeshika kitu. Daktari hunipima nikiwa nimelala, kisha nikiwa nimesimama kwa dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, huangalia upya dawa zangu.

Elastini iliyokatika hairudi, lakini kutembea kila siku husaidia, kwani damu inapopita kwa kasi huuamsha utando wa ndani wa mshipa utoe nitriki oksaidi, ambayo huulegeza. Chumvi nimeipunguza iwe chini ya gramu 5 kwa siku, kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri. Wewe acha sigara mapema, na ukipimwa, omba uandikiwe namba zote mbili, kisha unitumie.

Mimi mama yako