Kitazamio cha slaidi za stirio kwa mtu wa pwani ya Kusini

Kabla hujatuma hela ya kitazamio, chukua rula upime slaidi ulizonazo. Slaidi ya stirio ni picha mbili za mahali pamoja, moja ya jicho la kushoto na moja ya kulia, ndani ya fremu moja; ukizitazama pamoja ndani ya kitazamio, picha inakuwa na kina, vitu vya mbele na vya nyuma. Fremu iliyoenea zaidi ni milimita 41 kwa 101, ile ya kamera za Stereo Realist zilizoanza kuuzwa Marekani mwaka 1947. Yako ikiwa 80 kwa 132, ni ya filamu pana na haiingii kabisa kwenye kitazamio cha fremu ya 41 kwa 101. Sahani ya duara yenye vipicha 14 ni ya View-Master na ina chombo chake. Pima pia upana wa picha yenyewe: kamera kadhaa za Ulaya zilitoa picha pana kuliko za Realist ndani ya fremu ileile, na vitazamio vingine huzikata kingo. Mzigo ukishafika Mtwara kwa basi kutoka Dar, kumrudishia muuzaji ni kazi nyingine.

Kwenye lenzi usifanye ubahili. Tafuta lenzi za kioo, kila moja ikiwa vioo viwili vilivyogandishwa pamoja. Lenzi ya plastiki huonesha katikati vizuri, lakini pembeni ukuta mweupe unaota ukingo wa zambarau. Kingine cha lazima ni marekebisho mawili: moja la kuvuta picha iwe kali, jingine la umbali kati ya macho. Macho ya watu wazima wengi yameachana milimita 55 hadi 72 hivi, kwa hiyo kitazamio kisichosogezwa kitamfaa mmoja na kumuumiza kichwa mwenzake.

Muuzaji akuletee picha ya sehemu ya betri ikiwa wazi, na ya lenzi zikimulikwa kwa tochi kutoka nyuma. Ukungu, yaani kuvu inayoota kwenye lenzi, unaonekana kama vijinyuzi vya mizizi. Ukiwa juujuu unafutika. Ukishakula kioo, alama haitoki hata kwa fundi.

Kuhusu mwanga, vitazamio vya zamani vingi hutumia betri mbili kubwa za tochi na balbu ya uzi. Betri zikichoka, picha inageuka ya rangi ya machungwa, na watu hudhani filamu imeharibika. Balbu ile pia inatoa joto. Slaidi isiyofunikwa kwa kioo ikikaa juu yake muda mrefu, filamu hubinuka ghafla na ukali wa picha unapotea, kwa hiyo bonyeza, tazama, achia. Fundi simu anaweza kukuwekea LED, ila mwambie mapema: LED nyeupe inataka karibu volti 3, na betri mbili za kuchaji zina 2.4 tu. Bila kisaketi cha kupandisha volti haitawaka. Achague nyeupe ya njano-njano, si ile ya bluu-bluu, na mbele yake kiwepo kipande cha plastiki nyeupe kama maziwa ili mwanga usambae.

Kitazamio kisicho na taa nacho ni kizuri huku kwetu ambako mwanga haukosekani. Kielekeze kwenye wingu jeupe au ukuta wa chokaa unaopigwa na jua. Kwenye jua lenyewe, kamwe.

Kutumia: anza na umbali wa macho, kisha vuta ukali ukitazama kitu cha mbali ndani ya picha. Wenye miwani ya kuona mbali au karibu waivue, kirekebishi kitawatosha. Wenye astigimatizimu, yaani jicho lisilo duara sawasawa, wabaki nayo. Halafu weka slaidi yenye upeo wa bahari, tuseme jahazi kwenye ghuba ya Mikindani, ufumbe jicho moja moja kwa zamu. Mstari wa maji ukipanda na kushuka, kuna picha iliyokaa juu kuliko mwenzake. Nusu milimita tayari ni nyingi, macho yatachoka kwa dakika chache. Jaribu slaidi nyingine: tatizo likiisha, lilikuwa kwenye fremu, likibaki, ni lenzi.

Kosa linalowachanganya wengi ni kina kugeuka, cha mbele kikaonekana nyuma. Watu huipindua slaidi nzima mgongo kwa uso wakidhani watatibu. Haisaidii: herufi zinasomeka kinyume kama kwenye kioo, na kina kinabaki vilevile kilivyokuwa. Dawa ni kufungua fremu na kubadilishana picha ya kushoto na ya kulia. Ukaguzi wake ni mwepesi. Chukua slaidi ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, nguzo mbele na tao nyuma, uishike wima, herufi zikisomeka. Kwenye picha ya kushoto, nguzo ya mbele iwe imesogea kulia ukilinganisha na tao. Kwenye ya kulia, imesogea kushoto. Ikiwa kinyume, aliyefunga alikosea.

Adui mkubwa wa vifaa hivi huku ni hewa ya chumvi na unyevu, hasa mvua za Desemba hadi Aprili. Usikifungie kitazamio kwenye mfuko wa ngozi. Ngozi hunywa maji na kulea ukungu. Kiweke kwenye ndoo ndogo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na slaidi na punje za silika, zile zinazonyonya unyevu. Mchele haufai, hukausha kidogo na kuacha vumbi. Punje zikibadilika rangi, zikaushe kwenye sufuria kavu, moto mdogo, ukikoroga, kisha zipoe ndani ya chupa iliyofungwa.

Vumbi la lenzi lipeperushe kwa pampu ya mpira kabla ya kitambaa, maana mchanga wa pwani unakwaruza. Spiriti ni ya kioo tu. Lenzi ya plastiki inataka maji na tone la sabuni. Betri zitoe kila unapomaliza. Zikiwa za alkalini na zimeshavuja, ule unga mweupe kwenye shaba unalainika kwa pamba yenye maji ya limau. Futa tena kwa maji kidogo, ukaushe siku nzima kabla ya kurudisha betri.