Hiyo parole ya elfu themanini haiko popote

SWALI: Wakili, ndugu yangu alihukumiwa kunyongwa kwa wizi wa mabavu, halafu 2016 Rais akambadilishia ikawa maisha. Ana tabia nzuri jela, hadi cheti cha useremala anacho. Sasa wanasiasa wanabishana kwa redio kuhusu kuwatoa watu wa makosa ya kutumia nguvu kwa parole, yaani watoke kabla ya kifungo kuisha lakini kwa masharti, na kuna jamaa anasema tukimpa elfu themanini atamuingiza kwa listi. Tumpe? – Dada mtu, Kisauni

JIBU: Msimpe. Na kama mshamtumia kitu kwa M-Pesa, dadangu, usifute hizo meseji, zipeleke polisi.

Kenya hatuna bodi ya parole, kwa hivyo listi hamna. Kilichoko kwa Sheria ya Magereza ni kakipengele ka kumpa mfungwa ruhusa ya muda akiwa amebakisha miezi michache atoke, na wa maisha hana tarehe ya kutoka, sasa hiyo miezi utaihesabu kuanzia wapi?

Kinachonichosha zaidi ni hii imani ati tabia nzuri inakata kifungo cha kila mtu. Mnachanganya na remisheni, ile theluthi moja ya kifungo inayokatwa, kwamba wa miaka 9 anatoka akimaliza 6. Kifungu cha 46 cha hiyo Sheria ya Magereza kiko wazi kabisa, wa maisha hapati, na hata wa wizi wa kutumia nguvu chini ya kifungu cha 296(1) cha Kanuni ya Adhabu, ambaye miaka yake inahesabika, naye hapati. Kwa hivyo mheshimiwa anayesimama juu ya gari akilia majambazi wanaachiliwa mapema kwa tabia nzuri, hiyo sheria hajaifungua. Aliyeua bila kukusudia akapewa miaka 12 ndiye anatoka na 8, na hakuna aliyempendelea, sheria ndiyo inasema hivyo. Ukitaka kubishana bishana na hiyo, lakini haina makofi kwa mkutano.

Halafu kuna kesi ya Muruatetu. Desemba 2017 Mahakama ya Juu ilisema jaji asilazimishwe kutoa hukumu ya kifo kwa kesi ya mauaji, basi kila mtu akakimbilia kortini kuomba hukumu upya, wa wizi wa mabavu wakiwemo, mpaka Julai 2021 mahakama hiyo hiyo ikafafanua kwamba ni mauaji peke yake. 2023 Mahakama ya Rufaa ikasema kifungo cha maisha kinakiuka Katiba, watu wakashangilia, Aprili 2025 Mahakama ya Juu ikaipindua. Mabroka hawakuambii hiyo sehemu ya mwisho, wanatembea na karatasi ya uamuzi uliokufa wakiwauzia kina mama.

Mlango uliobaki kwa ndugu yako ni ombi la msamaha, Kifungu cha 133 cha Katiba, ndio huo huo uliobadilisha hukumu za watu 2,747 kwa siku moja Oktoba 2016. Anaandika mwenyewe, linapitia kwa mkuu wa gereza, na ada hakuna. Kamati yenye Mwanasheria Mkuu na waziri wa magereza inamshauri Rais, yeye ndiye anaamua. Cheti cha useremala kiambatanishwe, hapo ndipo kina kazi. Lakini Katiba inairuhusu kamati imsikilize pia aliyetendewa, na afisa wa probesheni hutumwa mpaka kijijini kuuliza, kwa chifu, kwa majirani, kwa wale walioibiwa wakakatwa mapanga. Broka haendi huko. Anaandika barua tamu ati familia zilishapatana, afisa akifika, hao walioibiwa ndio wanasikia hayo kwake mara ya kwanza, na ombi linaharibika na ndugu yako anaonekana mwongo kwa maneno ambayo hata hakuyaona. Hizo elfu themanini zingetosha nauli ya wazee wenu kwenda kwa hao watu kuomba radhi, wakikubali wakubali wakikataa wakatae, na ombi liseme hivyo hivyo.

Kuhusu hiyo bodi ya parole wanasiasa wanayobishania, mimi binafsi naiunga mkono, ndio, hata kwa waliotumia nguvu, kwa sababu mtu akitoka chini ya masharti na afisa wa kumfuatilia ni afadhali kuliko siku ya mwisho kufunguliwa geti akapotelea mtaani. Lakini ikianzishwa bila tangazo kubwa kwa kila geti la gereza kwamba fomu ni bure, mabroka watakuwa wameshafungua ofisi kabla wanachama wake hawajaapishwa.