Tupange majibu ya msimbo kwa wingi wa kura?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Sisi ni wasanidi programu watano katika kampuni ndogo hapa Mwanza. Kwa miaka mitatu tumekuwa tukikusanya vipande vya msimbo kutoka Stack Overflow (tovuti ya maswali na majibu ya wasanidi, ambako wasomaji huyapigia majibu kura), makundi ya WhatsApp na, siku hizi, akili mnemba. Vyote tunaviweka kwenye folda moja. Vimefika kama 400 na hatujui tena kipi cha kuaminika. Tumefikiria kuvipa rangi: chenye kura nyingi mtandaoni kijani, cha wastani njano, kisicho na kura nyekundu. Utaratibu huu unafaa?

JIBU: Marahaba. Rangi wekeni, ila kura ziondoeni kabisa kwenye hesabu hiyo.

Swali hili linanijia mara kwa mara kwa sura tofauti, na msingi wake ni uleule: wengi wakisema jibu ni zuri, basi ni zuri. Kura ina habari moja tu ndani yake. Aliyepiga alikuwa amekwama, akanakili, hitilafu ikatoweka kwenye skrini. Imetoweka kwa njia gani, kura haisemi. Na ile tiki ya kijani inayowekwa kwenye jibu lililokubaliwa ndiyo usiitegemee kabisa, maana anayeiweka ni yule aliyeuliza, mtu ambaye saa moja kabla alikuwa hajui jibu.

Kuna mstari mmoja ninaoukuta kila ninapoitwa kukagua mifumo. Kijana anaunganisha programu ya PHP (lugha ya kuandikia tovuti) na mfumo wa malipo ya simu. Kompyuta yake haina orodha ya vyeti vya kuaminika, kwa hiyo cURL, zana ya kuwasiliana na seva nyingine, inagoma: haiwezi kuthibitisha cheti, yaani kitambulisho, cha seva ya upande wa pili. Anatafuta mtandaoni, anaambiwa aweke CURLOPT_SSL_VERIFYPEER, yaani ule ukaguzi wa cheti, iwe false (izimwe). Anaweka, inafanya kazi papo hapo, anapiga kura kwa shukrani. Alichofanya ni kuiambia programu yake impokee yeyote atakayejitokeza. Mawasiliano bado yamefichwa, lakini hajui amefichiana siri na nani. Mtu aliyekaa katikati ya mtandao anaweza kujifanya ndiye mfumo wa malipo, akasoma kila kitu pamoja na funguo za siri za malipo.

Nilishaitwa na mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi ambaye miamala yake ilikuwa hailingani na hesabu za dukani. Sikuitwa kwa habari ya usalama. Nilipofungua faili la malipo nikaukuta mstari huo, na juu yake maelezo: "ya muda, tutaondoa tukienda hewani." Mfumo ulikuwa hewani kwa miaka minne. Aliyeuandika alishaondoka. Aliyeurithi aliniambia hakuugusa kwa sababu ndivyo wanavyofanya wote.

Dawa yake ni dakika tano. Unapakua faili la cacert.pem (ndiyo orodha ya vyeti vya kuaminika) linalotolewa na wenye curl wenyewe, unaielekeza curl.cainfo ndani ya php.ini, faili la mipangilio ya PHP, kwenye faili hilo, unawasha seva upya. Maelezo haya nayo yapo mtandaoni, ila yana hatua tatu, na yale mengine yana mstari mmoja. Mtu aliyechoka saa sita usiku atapigia kura mstari mmoja.

Halafu kuna umri. Kura zinabaki palepale, msimbo unachakaa. Zile amri za PHP za kuwasiliana na hifadhidata, zinazoanza na mysql_, ziliondolewa kabisa toleo la 7.0 lilipotoka mwaka 2015, lakini majibu ya 2009 yanayozitumia bado yana kura zake. Wapo wanaoficha nywila kwa md5, njia ya zamani inayovunjika kirahisi, hadi leo, wakati password_hash, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, imo ndani ya PHP tangu 2013. Kwa mpango wenu, hayo yote yangepata kijani.

Wala usidhani tatizo ni la majibu ya wazembe tu. Andreas Lundblad, msanidi hodari wa Java, mwaka 2010 aliandika jibu la kugeuza idadi ya baiti iwe katika kB au MB. Watafiti walipolinganisha majibu na miradi ya wazi, ile ambayo yeyote anaweza kuusoma msimbo wake, lake likaonekana kuwa miongoni mwa yaliyonakiliwa kuliko yote ya Java. Mwaka 2019 alieleza mwenyewe kwamba lina kasoro: ukilipa baiti 999,999 linakuandikia 1000.0 kB badala ya 1.0 MB. Maelfu walilinakili bila kulijaribu kwenye namba za ukingoni. Na kwenye mambo ya usalama hali ni mbaya zaidi. Watafiti wa Ujerumani walichunguza programu milioni 1.3 za Android, wakachapisha matokeo 2017: asilimia 15.4 zilikuwa na vipande vya msimbo wa usalama kutoka Stack Overflow, na kati ya hizo asilimia 97.9 zilikuwa na angalau kipande kimoja kisicho salama.

Kwa hiyo kijani kiwe na maana moja: mmoja wenu amekijaribu kipande hiki hapa kwenu, jina lake lipo, tarehe ipo, toleo la lugha na maktaba lipo, na jaribio lenyewe limewekwa pembeni ili mwingine alirudie. Aandike pia, kwa maneno yake, kwa nini kinafanya kazi. Akishindwa kueleza, kibaki njano hata kama kinafanya kazi. Toleo likibadilika, kijani kinarudi njano mpaka kijaribiwe tena. Vyekundu msivifute. Andikeni sababu ya kuvikataa, kwa sababu kipande kibovu kikifutwa leo, mwezi ujao mtu atakileta tena kwa furaha kutoka kundi jingine. Vipande 400 hamtavimaliza kwa wiki moja. Anzeni na vinavyogusa fedha na nywila, vingine vyote vikae njano.

Kwenye makundi ya WhatsApp nina ugomvi wa wazi. Kuna watu humo wanaitwa magwiji kwa sababu wanajibu haraka: "zima SSL", "weka chmod 777", "futa tu hiyo folda". La kwanza linazima ulinzi wa mawasiliano, la pili linamruhusu yeyote kwenye seva kubadili mafaili yenu. Hawaulizi toleo, hawaulizi mfumo uko hewani au la, na data zikivuja hawapo. Mtu wa namna hiyo hana tofauti na muuza dawa wa stendi. Ushauri wake usiingie kwenye folda bila kupita mkononi mwa mmoja wenu.

Akili mnemba nayo ipite njia hiyohiyo. Desemba 2022 Stack Overflow wenyewe walipiga marufuku majibu ya ChatGPT, wakisema mengi yana makosa huku yakionekana sahihi. Zana hizo zimeboreka tangu wakati huo, lakini bado zinaandika kosa kwa lugha safi ileile zinayoandikia ukweli, na hapo hamna hata tarehe wala maoni ya chini ya kuwashtua.

Leo, kabla hamjafunga ofisi, tafuteni neno VERIFYPEER kwenye miradi yenu yote, siyo kwenye folda hiyo tu. Mkilikuta lina false pembeni kwenye mfumo ulio hewani, rekebisheni kwa cacert.pem kama nilivyoeleza, kisha ombeni funguo mpya za malipo. Za zamani hamwezi kujua nani ameshazisoma.