Kila mtu alijua ila mimi

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: "Wasiwasi umeathiri vipi uhusiano wako na watu wako wa karibu?" Nadhani wengi watawaandikia habari za wivu na kupekua simu. Mimi wasiwasi wangu uliwafundisha watu ninaowapenda kunidanganya, nao wakafuzu.

Mume wangu ni dereva wa lori. Anapakia Dar es Salaam, anapita hapa Morogoro kutuona kidogo, kisha Iringa, Mbeya, Tunduma, anavuka Zambia na kwenda kushusha Lubumbashi. Dar hadi Tunduma tu ni zaidi ya kilomita 900, na foleni za mpakani, Tunduma na kule mbele Kasumbalesa, zinakula siku ambazo huwezi kuzipigia hesabu. Mke wa dereva sharti ajue kungoja. Mimi kungoja kulinishinda.

Nilikuwa na ratiba yake kichwani kuliko yeye. Akitoka Msamvu, hapa Morogoro, saa kumi jioni, saa moja awe ameshamaliza hifadhi ya Mikumi, saa tatu na nusu awe Ruaha Mbuyuni. Ujumbe wangu ukibaki na tiki moja, vidole vinaanza kufa ganzi. Napiga, hapokei. Napiga kwa taniboi, hapokei. Nampigia mama ntilie mmoja wa Ruaha Mbuyuni, ambaye namba yake niliichukua nikijidai nataka anitumie vitunguu. Usiku mmoja nilipiga mara 41 kati ya saa nne na saa nane. Nilizihesabu asubuhi, kwa aibu. Alikuwa amelala. Mtu ameendesha kutwa, amelala.

Na akipokea, haikuishia hapo.

"Upo wapi?"

"Nipo salama, mama."

"Mbona sauti yako hivyo?"

"Nina usingizi."

"Piga honi nisikie."

Naam, nilifika huko. Anapiga honi saa saba za usiku, madereva wenzake wanaolala pembeni wanatukana, na mimi natulia. Dakika tano. Halafu nawaza: honi inaweza kupigwa na mtu yeyote.

Najua jambo hili lilipoanzia. Nilizaliwa Mwanza. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama, nilikuwa na miaka kumi na miwili, na mjomba wangu alikuwa Bukoba, anatarajiwa kurudi wiki ileile kwa meli. Simu hazikuwepo nyumbani. Mama alikaa kwenye kizingiti cha mlango siku mbili, hali, haogi, redio iko mapajani. Siku ya tatu mjomba akaingia na begi lake begani. Alikuwa amechelewa meli, akaja kwa basi. Nyumba nzima ililia kwa furaha. Kichwa changu cha mtoto kikapiga hesabu yake: mama ameteseka, mjomba amerudi. Mama wa jirani yetu hakukaa kizingitini, alikuwa akienda sokoni kama kawaida, na mumewe hakurudi. Hesabu ya kijinga, lakini niliishi nayo miaka mingi. Niliamini kabisa kwamba usiku nitakaolala fofofo ndio usiku atakaopata ajali.

Na watu wanakuunga mkono! Ukisema una hofu, unajibiwa "wasiwasi ndio akili". Mama mwenyewe aliniambia hivyo siku ya harusi yangu. Kwa nusu ana haki, barabara ile si ya mchezo. Ila akili ikishapata jibu hukaa chini. Huu wangu ukipewa jibu ulidai jingine.

Sasa niwaambie ya vitunguu. Mwaka juzi jirani alikuwa na shughuli ya binti yake, tukakusanyika uani kumenya vitunguu vya pilau, wanawake kama kumi na tano. Mke wa dereva mwingine, mtu mzuri tu asiye na ubaya, akaniuliza kutoka upande wa pili wa sinia: "Na bega la baba watoto, limeshapona kabisa?"

Nikauliza bega gani.

Visu vilisimama. Wifi yangu, aliyekuwa amekuja kutoka Iringa kwa ajili ya shughuli hiyohiyo, akainamisha kichwa na kuanza kumenya kitunguu ambacho kilikuwa kimeshamenywa. Nilimtazama hadi akasema, "Tulitaka kukuambia."

Miezi mitatu kabla ya siku hiyo, mume wangu akirudi na mzigo wa shaba, breki zilimfeli akishuka mlima Kitonga. Aliliegemeza lori kwenye ukuta wa mlima ili lisiende korongoni. Bega likateguka. Alitibiwa Iringa, akalala kwa dada yake siku tisa, na siku zote hizo alinipigia simu akisema foleni ya Tunduma haisogei. Aliporudi alisema amelalia bega vibaya kwenye kiti cha lori. Nililikanda kwa maji ya moto wiki nzima, mimi mwenyewe, kwa mikono hii. Wifi alijua. Mama mkwe alijua. Taniboi, madereva, wake zao. Nililia pale uani na hakuna aliyeweza kusema ni machozi gani, maana wote tulikuwa tunatokwa nayo.

Jioni nikamuuliza binti yetu, wakati huo ana miaka kumi na minne: "Na wewe ulijua?" Akanyamaza, halafu akasema, "Baba alisema ukiniuliza niseme tumeongea naye yuko Tunduma. Mama, ungekufa." Alisema hivyo bila ukorofi, kama anayenieleza kwamba maji yakichemka yanamwagika.

Mume wangu sikumgombeza kwenye simu. Nilingoja arudi. Nilitarajia aombe msamaha na aliomba, lakini baadaye, tukiwa tumeshazima taa, alisema neno ambalo bado ninalo: "Kukuambia wewe jambo ni kazi ya pili. Kwanza nihangaike na lile jambo, halafu nihangaike na wewe. Siku ile sikuwa na nguvu ya zote mbili."

Niliumia, kisha nikaona kuwa ni kweli. Miaka yote nilijiona mke anayejali. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa akinibeba mimi, kutoka umbali wa kilomita kama mia tatu, na bega moja.

Hospitali nilishakwenda kabla ya hapo, kwa ajili ya moyo. Ulikuwa ukienda mbio usiku, kifua kinabana, nikawa na hakika nina ugonjwa wa moyo. Nikapimwa, nikaambiwa moyo mzima, nikapewa vitamini nikarudi nyumbani. Safari hii nilikwenda nikasema ukweli: siumwi moyo, naumwa kungoja. Nikapelekwa kwa daktari wa afya ya akili. Aliniambia huu ni ugonjwa wenye jina na wenye tiba, na kwamba Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu milioni 301 walikuwa na magonjwa ya wasiwasi mwaka 2019. Haikuniponya kusikia hivyo, lakini iliniondolea aibu kidogo. Ile ganzi ya vidole pia aliieleza: ukiwa na hofu unahema haraka haraka, unatoa hewa chafu kuliko inavyotakiwa, damu inabadilika kidogo, vidole vinachonyota. Nilikuwa naamini ni ishara kwamba kuna jambo limetokea njiani. Ishara! Kumbe ni pumzi zangu mwenyewe.

Swali lake lililonishika ni hili: "Akishapokea simu, unatulia kwa muda gani?" Nikasema dakika tano. Akasema basi simu ile ni kama kujikuna upele. Raha unaipata, na upele unaenea. Dawa ni kuacha kujikuna huku unawashwa. Kwanza dakika kumi bila kupiga, kisha nusu saa, kisha usiku mzima. Aliniambia niandike kwenye daftari ninachokihofia, na kesho yake niandike kilichotokea. Kurasa nyingi za upande wa kulia, za kilichotokea, zimeandikwa neno moja tu: "Alilala."

Nilikulia madrasa, na hapo nikakumbuka Sura ya An-Nas, tunayoisoma tangu wadogo, tukiomba kukingwa na shari ya al-waswas, mwenye kunong'ona vifuani mwa watu kisha akarudi nyuma. Neno letu limetoka huko. Nimelitamka maisha yangu yote bila kufikiri kwamba lina maana ya mnong'ono.

Nyumbani tulikubaliana simu mbili, saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, kama mtandao upo. Hakuna honi. Na yeye hafichi kitu. Hili la pili lilikuwa gumu kwake kuliko la kwanza lilivyokuwa kwangu. Baada ya Kitonga, kila "nipo salama" ilikuwa imepoteza thamani. Ningeamini ipi, wakati siku tisa nilizipewa za bandia? Nilimwambia nipe habari mbaya, nitajua na zile nzuri ni za kweli. Alisita sana. Sikumlaumu. Namba ya mama ntilie niliifuta, ingawa nakiri kwamba naikumbuka kwa kichwa, na mwezi uliopita, mtandao ulipokatika usiku kucha, niliipiga. Alifurahi kunisikia. Akaniuliza kama bado nataka vitunguu.

Wiki mbili zilizopita, saa kumi na moja jioni, nje ya saa zetu, simu iliita nikiwa nasonga ugali.

"Tairi limepasuka, karibu na Makambako. Tumesimama pembeni."

Vidole vikaanza. Nikashika mwiko kwa nguvu.

"Pole. Jeki mnayo?"

"Ipo."

"Haya. Tutaongea saa mbili."

Kimya kidogo upande wake, kama anayengoja mengine. Halafu akakata. Nikaendelea kusonga, ugali ule ukawa mgumu kama tofali. Binti alikuwa mezani na madaftari yake. Aliinua macho akanitazama mimi, akaitazama simu.

"Baba?"

"Tairi limepasuka."

"La mbele au la nyuma?"

Ndipo nikagundua kwamba sikuuliza.